Pua ya Mlinzi wa Mtaa

Isla, Malta
Jumapili, 26 Mei 1940

Dada yangu Mena,

Nakusalimu sana, mimi na wifi yako Pawla. Huku tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo yameanza kulalamika kabla hata vita havijatufikia. Wewe je, mgongo umepoa? Kondoo hawajambo? Jibini zimefika saba. Barua yako ilisema nane. Nadhani mwenye boti alishikwa na njaa katikati ya mkondo.

Sasa kaa chini, nina habari. Mdogo wako amekuwa mtu. Tangu Jumatano mimi ni mlinzi wa mtaa wetu katika kikosi cha kujikinga na ndege za adui. Nimepewa kofia ya chuma, filimbi, kitambaa cha kufunga mkononi, na kayamba la mbao la kutangazia gesi. Hilo kayamba ukiliona utacheka, ni ndugu kabisa wa lile linalozungushwa juu ya paa la kanisa Ijumaa Kuu, kengele zinaponyamaza. Nilipolijaribu uani, Sinjura Duminka, yule bibi wa mwisho wa mtaa, alipiga magoti na kufanya ishara ya msalaba.

Halafu makaratasi. Mena, makaratasi! Bango la kuonyesha namna ya kuvaa kinyago cha gesi, kijitabu cha kuzima bomu la moto kwa mchanga na pampu ya mkono, kadi zenye vivuli vya ndege ili tujue ipi ni yetu na ipi si yetu. Pawla ameyabandika jikoni kando ya picha ya Bikira Maria, mpaka Bikira mwenyewe amebanwa pembeni. Yote yameandikwa na watu wa nchi ya baridi. Kijitabu kimoja kinatuambia tuzibe bomba la moshi la sebuleni na tukunje mazulia. Mazulia! Kingine kinasema ukisikia harufu ya kitunguu saumu, hiyo ni gesi ya haradali, vaa kinyago upesi. Pawla akasema kwa sheria hiyo mtaa wetu umekuwa ukishambuliwa kila siku tangu enzi za Adamu.

Na mtihani, je? Mtihani ulikuwa wa pua. Usishtuke, soma kwanza. Mfamasia alipanga chupa nne zenye pamba, kila mtu anuse moja moja na ataje gesi yake. Nawe unaijua pua yangu. Basi nikajiweka wa mwisho kwenye mstari, nikawa nasoma nyuso za watu. Chupa ya kwanza, Nenu muuza nyama akalamba midomo. Kitunguu saumu, gesi ya haradali. Ya pili wote walifuta macho, na yangu pia yalitoka maji, basi hiyo ni ya machozi. Ya tatu walikunja nyuso kama waliofungua ghala lenye majani makavu yaliyooza. Hiyo fosjini. Ya nne, mwalimu wa shule akafumba macho akasema, "Kibaraza cha marehemu mama yangu." Maua ya jeraniamu, na kijitabu kinasema harufu ya jeraniamu ni gesi ya lewisaiti, mbaya kuliko zote. Nilijibu zote nne bila kusita. Nimekuwa wa kwanza kati ya watu kumi na sita! Mfamasia alimwambia mkuu wetu, Kapteni Zerafa, kwamba nina pua ya mbwa wa kuwinda.

Pawla hajui kitu, kama ambavyo hajajua kwa miaka ishirini na mitatu. Usiniharibie.

Mdogo wako,
Wistin


Nadur, Gozo
Jumatatu, 3 Juni 1940

Mdogo wangu Wistin,

Nimepokea barua yako, na namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa roho nilikuwa sijambo mpaka nilipofika kwenye zile chupa.

Nilicheka, sikatai. Nilicheka kwa Nenu, nikacheka kwa yule mwalimu. Kisha nikaiweka barua mezani nikasoma tena pale penye chupa. Wewe mtu mzima una akili gani? Tangu ulipoanguka kutoka juu ya paa letu ukiwa na miaka saba hujanusa kitu. Si mkate, si moshi, si mavi ya kondoo. Umesahau ulivyokaa jikoni kwa Mama ukichonga kijiti, chungu cha maharagwe kinaungua nyuma yako, mpaka moshi ukakuchoma macho ndipo ukageuka? Na huo ni moshi, Wistin, unaonekana. Gesi haionekani. Padri alitusomea hicho kijitabu baada ya Misa, akatusomea mara mbili, na hapo ndipo nilipoelewa kazi uliyojipachika. Gesi ikija, mtaa mzima utaitazama pua yako. Nawe utakuwa umesimama katikati yake na kofia yako mpya, unawatabasamia.

Utakufa wa kwanza, na watakaokufuata ni wale waliokuamini.

Nenda kwa huyo Kapteni kesho asubuhi. Mwambie ukweli, mrudishie kayamba lake. Wakupe kazi ya kubeba mchanga. Mchanga hauhitaji pua.

Nakutumia jibini nane. Nimezihesabu mbele ya mwenye boti, kwa sauti.

Dada yako,
Filumena


Isla
Jumapili, 30 Juni 1940

Dada Mena,

Pokea salamu zetu. Tu hai. Najua umesikia, kwa hiyo naanza na hilo. Pawla mzima, nyumba imesimama, vioo viwili tu vimevunjika na vipande vyake vimebaki vimening'inia kwenye karatasi tulizobandika. Kwa hiyo makaratasi yale yana faida yake. Huko kwenu ndege zinapita tu au zinaangusha?

Nimechelewa kujibu kwa sababu tangu Italia itangaze vita hatujakaa. Siku ya kwanza, tarehe kumi na moja, king'ora kililia tukiwa tunakunywa kahawa. Tulidhani ni mazoezi. Pawla akasema, "Wangengoja tumalize." Kisha nyumba ikatikisika. Kufika adhuhuri nusu ya mji ilikuwa njiani na magodoro kwenye mikokoteni, watu wanakimbilia vijiji vya ndani ya kisiwa kwa ndugu zao. Kumbuka tulikuwa walinzi kumi na sita tuliofaulu mtihani. Unajua waliofika kituoni mchana ule ni wangapi? Watatu. Na mmoja wao ni mimi. Mfamasia mwenyewe alikimbia na chupa zake.

Nilimbeba Sinjura Duminka mgongoni mpaka handakini. Njia nzima ananipiga kisogoni kwa rozari, ananiambia nirudi nikamwagilie maua yake.

Sasa unaniambia niende kwa Kapteni nikavue kofia. Mena, nina miaka thelathini katika karakana ya meli hapa, napaka rangi matumbo ya meli. Miaka yote thelathini naitwa "yule wa Gozo". Ikipotea nyundo, muulizeni yule wa Gozo. Leo mtaani naitwa Sur Wistin, bwana kabisa. Mama mmoja aliniletea mtoto wake mchanga, nimfundishe namna ya kumwingiza kwenye ule mfuko wa watoto wa kujikinga na gesi na kumpulizia hewa kwa pampu. Alinitazama machoni akasema, "Ukisema nivue, nitavua. Ukisema nisivue, sivui." Nikimwambia huyo kwamba sinusi, atamwamini nani? Hakuna mwingine. Wengine wamekimbia.

Na gesi haijaja. Wanaangusha mabomu ya kawaida, na hayo nayasikia vizuri tu, masikio yangu hayana kasoro.

Jibini zimefika nane. Mwenye boti anakusalimu, anasema una mdomo.

Mdogo wako,
Wistin


Nadur
Jumatatu, 15 Julai 1940

Wistin,

Nimesikia mko hai na nimemshukuru Mungu kwa machozi. Pawla mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako.

Hiyo habari ya mtoto mchanga ndiyo imenimaliza. Ulidhani utanilainisha kwayo, na kweli imenifanya nisilale. Huyo mama akivua kinyago cha mtoto kwa sababu wewe umesema, nani atamwambia kwamba ulikuwa unakisia? Kuitwa Sur ni kutamu, najua. Nami ningependa kuitwa Sinjura badala ya "mjane wa kondoo". Lakini sitamuua mtoto wa mtu kwa jina.

Nimemwandikia barua Kapteni Zerafa. Ipo mezani, imefungwa, ina stempu. Nimeeleza yote kwa adabu, kwamba pua yako iliharibika utotoni na kwamba wewe ni mtu mwema uliyekosa ujasiri wa kusema. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukimwambia mwenyewe, nitaichoma jikoni. Usipomwambia, tarehe mosi Agosti inapanda boti.

Uninunie ukitaka. Nimeshawahi kununiwa.

Dada yako,
Filumena


Nadur
Ijumaa, 20 Septemba 1940

Wistin, mdogo wangu,

Sikuulizi afya kama desturi, nakuuliza kweli: mko hai?

Jana mwenye boti amerudi kutoka kwenu na habari ambayo imesimamisha kijiji. Amesema Jumanne mchana wameangusha gesi Isla. Amesema aliona kwa macho yake, jua la utosi, watu wamevaa vinyago kama nguruwe, mtaa umefungwa kwa kamba, na wanaume wenye nguo za mpira wanaingia ndani. Nikamuuliza mtaa upi. Akasema ule unaoshuka majini, wenye ngazi. Huo ni wako! Nikamuuliza waliokufa ni wangapi, akatazama viatu vyake.

Nimekwenda kituo cha polisi wakaniambia simu si ya watu wa mitaani. Nimemwendea Padri, naye hajui. Boti haivuki leo wala kesho kwa sababu ya ndege. Nimekaa na kondoo sijui kama nimewakamua au sijawakamua.

Ile barua niliituma, Wistin. Tarehe mosi Agosti, kama nilivyosema. Sikujibiwa na Kapteni, na wewe ukanyamaza. Nikajiambia wamemvua kofia, amenuna, acha anune maadamu yu hai. Nililala vizuri mwezi mzima kwa kuamini kwamba umeninunia. Kumbe sijui hata kama alisoma! Sijui kama ulikuwa pale juu na kayamba lako, umesimama katikati ya gesi, unangoja watu wengine wakunje nyuso.

Kama Pawla ndiye anayesoma hii, wifi yangu, nisamehe. Nilijua na sikukwambia.

Kama ni wewe, niandikie neno moja. Hata tusi.

Dada yako,
Mena


Isla
Jumapili, 22 Septemba 1940

Dada yangu Mena,

Tu hai. Tu hai sote, mimi, Pawla, mtaa mzima, yule mtoto mchanga, hata paka wa Nenu. Hapakuwa na gesi. Soma hapo mara tatu kisha ukanywe maji, ndipo uendelee.

Barua yako imefika leo asubuhi, na mimi nilikuwa nimeanza yangu tangu juzi bila kujua niseme nini kwanza. Agosti sikuandika kwa sababu nilinuna ule mwezi wote. Nilingoja kila siku Kapteni aniite anivue kofia. Hakuniita. Nikasema, kumbe Mena hakutuma, ananitishia tu, na nikanuna zaidi.

Sasa Jumanne. Ndege zilikuja mchana, watu wakashuka handakini wote, kama mia na sitini, nikabaki juu mimi na ndoo zangu za mchanga. Bomu moja likaanguka kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba ya Sinjura Duminka. Vumbi likapanda mpaka sikuona mikono yangu. Nikajikagua, mzima. Nikakagua moto, hakuna. Nikasema Mungu mkubwa, leo tumepona.

Mara Pawla akatoka handakini. Nilishamkataza mara elfu. Ameshika chupa ya maji aniletee, mtandio umejaa vumbi. Akafika karibu yangu akasimama ghafla. Akasema, "Wistin. Jeraniamu."

Nikasema, "Nini?"

"Mtaa wote unanuka jeraniamu. Husikii? Imejaa puani, kali namna hii! Wistin, ni ile ya kwenye karatasi!"

Mena, nikuambie jinsi ilivyokuwa. Nilivuta pumzi. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Hakuna. Vumbi tu kooni. Na Pawla ananitazama kama yule mama wa mtoto, anangoja mwenye pua ya mbwa wa kuwinda aseme. Wakati ule sikufikiria kofia, naapa. Niliona tu kwamba nina watu mia na sitini chini ya miguu yangu na sina cha kuwapa. Nikikataa na ikawa kweli, wamekufa. Basi nikamfunika Pawla kinyago chake kwa mikono yangu, nikavaa changu, nikazungusha kayamba.

Nililizungusha mpaka bega likafa ganzi. Wakavaa wote. Nilishuka nikaziba mlango wa handaki kwa mablanketi yaliyolowa, kama kijitabu kinavyosema. Tulikaa saa mbili na nusu, Mena. Joto lile! Mabibi wanasali rozari ndani ya vinyago, sauti inatoka kama nyuki ndani ya chungu. Yule mama anapampu mfuko wa mtoto, mkono ukichoka anapokea Nenu, akichoka Nenu napokea mimi. Mtoto akalala. Hakuna aliyevua, kwa sababu mimi sikusema wavue.

Kisha wakaja wenye nguo za mpira, na Kapteni Zerafa nyuma yao. Mtaalamu wao akapanda mtaa taratibu akielekea nyumba ya Sinjura Duminka. Nilimfuata kwa macho kutoka mlangoni. Akafika penye uwanja, akachuchumaa, akaokota kitu. Akakisugua kwa vidole. Kisha akavua kinyago chake, akanusa, akakaa chini kwenye kifusi na kuanza kucheka.

Vyungu, Mena. Vyungu arobaini na vitatu vya jeraniamu, vile alivyonituma nikamwagilie siku ya kwanza. Bomu lilivisaga vyote, majani na maua na mizizi, likavipuliza mtaa mzima.

Watu walipotoka na kuambiwa, wengine walicheka mpaka wakaanguka, wengine walinitukana, Sinjura Duminka alilia maua yake. Kapteni akapaza sauti, "Nani aliyenusa?"

Kila mtu akanigeukia mimi. Pawla akafungua mdomo aseme ni yeye, ili anibebee aibu. Nikamshika mkono. Nikasema, "Mke wangu. Mimi sinusi kitu, Kapteni. Sijanusa tangu nina miaka saba. Ule mtihani niliuiba kwenye nyuso za watu."

Halafu nikasikia sauti ya Pawla, ndogo sana: "Na supu yangu?"

"Sijawahi kuinusa."

"Miaka ishirini na mitatu unafungua mlango unasema, 'Pawla, harufu hiyo itaniua'!"

"Naona mvuke, mke wangu. Naona mvuke nasema."

Akanipiga kwa kile kinyago begani, lile lile bega. Kisha akanishika shingoni na kulia, na watu wakaanza kupiga makofi, sijui kwa nini, labda kwa sababu wako hai.

Nikavua kofia nikampa Kapteni. Hakuipokea. Akaingiza mkono mfukoni akatoa bahasha iliyokunjwakunjwa, na mwandiko juu yake niliutambua toka mbali. Akasema, "Dada yako aliniandikia. Ninatembea na barua hii wiki sita." Nikamuuliza kwa nini basi hakunitoa. Akasema, "Siku ya kwanza nilikuwa na walinzi kumi na watatu wenye pua nzima, na wote walikuwa njiani na magodoro. Nilingoja tu uniambie mwenyewe. Mtu akinidanganya siwezi kumwachia handaki. Sasa umeniambia."

Basi hivi ndivyo ilivyoamuliwa, mbele ya watu wote. Mimi nabaki. Pawla ameandikwa kuwa mlinzi msaidizi, amepewa kofia, inamfunika nyusi. King'ora kikilia tunatoka pamoja, yeye ananusa, mimi nazungusha. Jambo moja tu limeleta fujo: Kapteni ameagiza vyungu vyote vya jeraniamu viondolewe vibarazani mpaka vita viishe. Wanawake wa mtaa wamekataa. Walivumilia mabomu ya Waitaliano, lakini hili wamekwenda kumlalamikia Askofu.

Ulinichongea, Mena. Nilikasirika nilipouona ule mwandiko wako, nisikufiche. Lakini usiku ule nimelala kama gogo, mara ya kwanza tangu Mei.

Pawla anasema anakusamehe, ila utamwambia uso kwa uso ni kitu gani kingine tunamficha.

Mdogo wako,
Wistin


Nadur
Jumapili, 29 Septemba 1940

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu kwako na kwa mlinzi msaidizi. Nilisoma mara tatu kama ulivyoniagiza, maji sikunywa, nililia kwanza. Kisha nikatoka nje nikawasomea majirani kando ya ukuta wa uani, tukacheka mpaka Padri akaja kuuliza kuna nini, naye nikamsomea. Mwenye boti anatembea kwa kujificha. Nimemwambia sehemu ya vinyago aliiona sawa, lakini kule kutazama viatu vyake sitamsamehe.

Nimepona, Wistin. Siku tatu nilikuwa nimekuzika. Nimekula mkate na mafuta leo, nyanya nzima, nikahisi ladha yake mpaka nikaona haya.

Pawla anauliza tunamficha nini kingine. Wewe humfichi kitu. Mimi ninakuficha wewe, na zile siku tatu niliahidi mbele ya Bikira kwamba ukiwa hai nitasema.

Siku uliyoanguka, hukuteleza. Ulikuwa umepanda kwa ngazi kula tini zangu zilizoanikwa juu, zile nilizozichuma mwenyewe kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Nilikasirika. Niliiondoa ngazi nikaipeleka nyuma ya zizi, nikaenda zangu kisimani, nikasema akae jua limuunguze ajifunze. Niliporudi ulikuwa chini uani, damu inakutoka puani. Nikairudisha ngazi ukutani kabla sijampigia kelele Mama. Niliirudisha kwanza, Wistin. Kabla ya kukugusa.

Kila barua niliyokuandikia ya kukugombeza juu ya pua hiyo, nilikuwa najigombeza mwenyewe. Nina miaka hamsini na miwili na bado naota ile ngazi. Unaweza kunikasirikia sasa, una haki.

Dada yako,
Mena


Isla
Jumapili, 6 Oktoba 1940

Mena,

Sote wazima, nawe uwe mzima.

Nilijua. Nilikuwa juu ya paa, dada, na kutoka pale uani kote kunaonekana mpaka zizini. Nilikuona umeibeba mgongoni, inakuzidi urefu, unayumba nayo. Nilidhani utarudi upesi, hukurudi, nikajaribu kushuka kwa mzabibu.

Usiku Mama alikaa kitandani akaniuliza nilipandaje. Nikamwambia kwa mzabibu, kupanda na kushuka, nikateleza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na ule mkanda wa Baba ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nimefungwa kichwa, mimi hakuna ambaye angenipiga.

Miaka arobaini na mmoja nilidhani unajua kwamba najua. Ningejua hujui, ningekwambia siku ile ile.

Mdogo wako,
Wistin